Ubao Uliofunika Muthokoi

Mbaluka alikuwa ameleta grili za madirisha, si vita. Lakini mtu anayemjua Mbaluka, fundi wa kuchomelea vyuma pale Emali, anajua hivyo vitu viwili hutembea pamoja.

Politeknik aliyosomea ujanani ilikuwa imeletewa kompyuta, na kompyuta bila grili ni zawadi ya wezi. Akamaliza kufunga grili ya mwisho, akafuata harufu ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, mpaka jikoni, akasimama mlangoni. Juu ya sufuria kubwa ya kulisha shule nzima palikuwa na ubao wa pembe nne, umewekewa jiwe. Kona moja ya ubao ilikuwa imekatwa.

Hiyo kona aliikata yeye mwenyewe, kwa msumeno wa chuma, akiwa kijana na akiwa amewaka.

"Nani ameweka drowing bodi yangu kwa moto?"

Mpishi, mama mmoja mnene anaitwa Kanyiva, hakugeuka hata. Alisema hiyo ni kifuniko. Aliitoa stoo siku vitu vya zamani vilikuwa vinapasuliwa kuni, na kama si yeye ingekuwa majivu kitambo. Kwa hivyo mzee aseme asante, halafu atoke hapo mlangoni, anamzibia mwanga.

Mbaluka akabaki hapo hapo. Wanawake wa kumjibu hivyo hakuwa amezoea tena. Aliyemzoesha alikuwa amezikwa mwaka uliopita, kabla ya mvua, na ndiye alimfanya autake huo ubao.

Wakati wao kuchora ilikuwa kazi ya mkono. Mwalimu wa vyuma aliitwa Kiema, na Kiema alikuwa na rula ya kuteleza, ile ya kupiga hesabu kwa kusukuma kipande cha katikati. Aliivaa kiunoni ndani ya ala ya ngozi, kama sime. Ukimuuliza kipimo anaichomoa polepole, anasukuma, anafinya jicho moja, anakupa jibu, anairudisha. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuishika. Wao walikuwa na kitabu cha logarithim kisicho na gamba, seti-skwea zilizovunjika ncha, na tii-skwea ya mbao, ile unaburuta kwa ukingo wa ubao ndio laini itoke sawa. Laini ikipinda, Kiema alikuwa anachukua hiyo hiyo tii-skwea anakugonga nayo vidole.

Mbaluka aligongwa sana, na makosa hayakuwa yake. Mbao za kuchorea zilikuwa chache. Asubuhi zilitumiwa na watu wa vyuma, mchana na wasichana wa ushonaji, wanachorea pateni za nguo. Sasa kuna mmoja wa mchana alikuwa anashikilia karatasi yake kwa pini, anachomeka tu bila huruma. Asubuhi Mbaluka akivuta laini safi, penseli inazama kwa tundu, karatasi inatoboka, na Kiema huyo, anakuja.

Mbaluka akageuza ubao, akaandika upande wa chini kwa kalamu ya wino: WEWE WA PINI, NIKIKUPATA UTANIJUA.

Kesho yake akapata jibu, mwandiko mzuri umelala kidogo: Nipate basi. Mchana niko hapa, siendi popote.

Akaandika kwamba ataleta randa, aukwangue ubao wote mpaka matundu yaishe. Akajibiwa akimaliza kukwangua afagie. Siku hiyo ndiyo alichukua msumeno akakata kona, akaandika akipata tundu lingine ataukata nusu. Jibu likaja: Kata. Nitachorea nusu yangu.

Hapo ikabidi aache chakula cha mchana, amngoje huyo mtu. Akaingia msichana mwembamba, pini zimejaa mdomoni. Kabla Mbaluka hajafungua mdomo wake, msichana alimpa ncha ya karatasi.

"Shika hapa. Ama hiyo mikono ni ya kutukana tu?"

Akashika. Huyo ndiye Wavinya, na baada ya hapo Mbaluka alishika karatasi zake maisha yote, mpaka watoto wakakua wakaenda. Alipokufa, nguo zake zilichukuliwa na dada zake vile kawaida. Picha za ujana hazikuwako. Mbaluka alitafuta nyumba nzima kitu chenye mwandiko wake, hata karatasi ya kutumwa chumvi, akakosa. Siku za mwisho mambo yote yalikuwa ni simu.

Alipoona ile kona pale jikoni, alijua ni ule ule. Maneno yalikuwa chini ya huo ubao.

Lakini muthokoi hauivi wazi, na Kanyiva alikuwa na watoto wa kulisha. Akamwambia fundi kama anataka kifuniko, alete kifuniko. Mbaluka akanguruma, akaenda. Kipande cha shiti ya chuma alikuwa nacho, kilibaki kwa kazi ya grili. Kampasi ya kuchora duara hakuwa nayo. Akaingia stoo, akaikuta nyuma ya viti vibovu: kampasi kubwa ya mbao ya mwalimu, mguu mmoja una tundu la kushika chaki. Akaitia chaki, akakaza bawaba kwa kidole vile Kiema alikuwa anafanya, akaizungusha juu ya chuma. Duara likatoka zima, na mkono wake ukakumbuka mambo ambayo kichwa kilikuwa kimesahau. Akakata, akakunja ukingo, akafunga mpini, akarudi jikoni na kifuniko.

Kilikaa sawasawa. Kanyiva akakigonga na mwiko, akasema sasa hicho ni kifuniko, na akampa ubao.

Mbaluka akaugeuza. Chini ulikuwa mweusi tii. Akausugua na majivu, akausugua na kitambaa, akamwaga maji, akasugua tena. Hakuna herufi hata moja. Mvuke ulikuwa umekula wino wote. Akauinua juu kama mtu anayetaka kuuvunja kwa goti.

"Mzee," Kanyiva akasema polepole, "ulikuwa unatafuta nini hapo?"

"Bibi yangu."

Kanyiva akaweka mwiko chini. Halafu akamnyang'anya ubao, akaulaza mezani upande wa juu, ule haukuguswa na mvuke, akaupanguza na aproni yake. Masizi ya jiko yakaondoka usoni, yakabaki ndani ya matundu. Yalikuwa mengi, na yalifuatana. Mbaluka akaweka kidole. Hapa kola. Hapa inateremka, inazunguka pale mkono wa blauzi unashikana na bega. Wavinya alikuwa anachomeka karibu karibu kwa mzunguko, hakuamini karatasi ingetulia. Mbaluka akaufuata mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

Kanyiva, kwa kutaka kumsaidia, akasema ubao wenyewe bado ni mgumu, na seremala wa hapo shuleni ana randa. Akiupitisha mara moja haya matundu yote yanaisha, unakuwa kama mpya.

"Randa isiguse hapa," Mbaluka akasema. "Mtu asilete randa karibu na hii kitu."

Nje, kijana wa boda alitaka kuufunga nyuma na mpira. Mbaluka akakataa kwa ukali, akapanda, akauweka mapajani, uso wa matundu ukimwangalia yeye.