Sahani Saba

Mama yangu alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari, jambo la kwanza aliloniuliza ni wageni watakuwa wanakunywa chai gani. Daktari wa kliniki pale Machakos mjini, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alikuwa amemwandikia kila kitu kwenye karatasi: ugali usiozidi ngumi, mboga za majani kwa wingi, nyama isiyo na mafuta, sukari hapana. Mama aliikunja karatasi mara nne akaifungia kwenye ncha ya leso pamoja na vidonge, akamshukuru sana. Tulipofika nje akacheka hadi akashika ukuta. Alisema huyo mtoto ni wazi hajaoa bado, maana mtu mwenye boma hawezi kumfundisha mwenzake kukataa chakula.

Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto wake wa pekee, baba alishatutoka, na nilikuwa na kichwa kigumu kuliko yeye. Ilikuwa miaka ya tisini inaishia, mimi nafanya kazi ya kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mlolongo, nyumbani nafika wikendi tu. Nilijiambia karatasi ya daktari itafuatwa, apende asipende.

Sasa nieleze vile tulivyokuwa tukila, ili mnielewe. Kwetu chai ilipikwa na maziwa na sukari humohumo kwenye sufuria, haikuwekwa sukari kikombeni. Ukitaka isiyo na sukari upikiwe yako peke yako, na kumpikisha mtu chai mara mbili ni kumwambia ile ya kwanza haikukufaa. Muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, ulichemshwa na mbaazi kisha ukakaangwa kwa mafuta mpaka ukang'aa. Mgeni hakuulizwa kama ana njaa. Aliletewa maji ya kunawa, na akishanawa hana la kusema.

Kukataa ndiko kulikuwa na shida. Sisi Wakamba tunasemwa nchi nzima kwa uchawi, na tukiwa ugenini tunataniana wenyewe kwa wenyewe kuhusu hilo. Nyumbani hakuna aliyetania. Ukikataa chakula cha mtu hujamwambia umeshiba, umemwambia unamwogopa. Ndiyo maana mgeni asiyezoeleka aliandaliwa sahani, mwenye nyumba akachota kidogo akaonja mbele yake, halafu akamsukumia. Mliozoeana hamkuonjeana. Kumwonjea rafiki yako lingekuwa tusi.

Na mama alikuwa na rafiki saba. Walikuwa pamoja kwenye mwethya, kikundi cha wanawake wanaolimiana kwa zamu, kila Jumanne kwa mmoja wao. Wao ndio waliochimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia udongo, kwenye shamba letu la mteremko mwaka ule baba alipokufa, la sivyo udongo wote ungekuwa Masinga, chini ya maji ya bwawa. Mwenye zamu hakushika jembe. Yeye kazi yake ilikuwa kupika, na kupika kwenyewe kulikuwa mashindano.

Mwaka wa pili wa ugonjwa, kwenye hizo Jumanne, jembe lilimgusa mama kidole gumba cha mguu wa kulia. Mkwaruzo tu. Lakini kidonda kilikataa kupona, kikageuka rangi, kikaanza kunuka. Daktari yuleyule alinivuta kando akaniambia wazi kwamba sukari ikikaa pale ilipo, huo mguu utakatwa.

Roho yangu haikutulia tena. Niliomba ruhusa ya wiki mbili kazini nikahamia nyumbani. Sukari niliificha ghalani chini ya magunia. Mboga nilichemsha bila mafuta, ugali nikaupima kwa ngumi yangu mwenyewe. Mama alikula kama mtoto anayenyweshwa dawa. Wageni niliwapikia chai isiyo na sukari, na mke wa mzee wa kanisa alipiga funda moja kisha akatazama ndani ya kikombe kuona ni nini kimezama humo. Mama aliona haya mpaka akatoka nje akajifanya anafukuza kuku. Mimi nilikuwa najisikia shujaa, wacha niseme ukweli.

Alhamisi ya kwanza tulirudi kliniki, sukari iko juu vilevile. Mama aliangalia dirishani. Hapo nikajua. Jumanne ilikuwa imepita, na kwa vile mguu ule haungeweza kuchimba, alikuwa amekwenda kukaa na wenzake tu, na akala. Nilimwapisha asirudie. Aliitikia upesi, kwa sauti ya mtu anayetaka mazungumzo yaishe.

Jumanne iliyofuata nilimfuata. Zamu ilikuwa ya mwenyekiti wao, mama mrefu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Niliwakuta wamekaa chini ya ukingo wa mtaro wanakula, na mama yangu katikati yao, mguu umenyooshwa mbele, muthokoi umerundikwa kwenye sahani, mafuta yanang'aa, kikombe cha chai kando. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nije.

Hasira ilinipanda. Nilimpokonya sahani mkononi nikawamwagia kuku. Nikawaambia wote kwamba kuanzia siku hiyo mama yangu asile tena kwao.

Kuku walidonoa. Mwenyekiti alijifuta mikono kwenye leso, akanitazama.

"Miaka ishirini na minne hatujaonjeana," alisema. "Leo umenimwagia chakula nyumbani kwangu."

Nilianza kueleza habari za sukari na mguu, maneno yananitoka ovyo, na kila nilipoongeza neno niliwaona wakizidi kwenda mbali. Mtu anakula vizuri, kisha mguu unaoza? Ugonjwa wa namna hiyo walikuwa na jina lake, na mimi nilikuwa nimewanyooshea kidole. Mama aliinuka bila kusaidiwa tukaenda nyumbani.

Zamu iliyofuata ilikuwa yetu. Niliomba siku chache zaidi kazini. Mitaro ilikuwa imejaa udongo na mvua ilikuwa karibu. Mama aliamka alfajiri akapikia watu wanane, akachinja jogoo, nami nikamsaidia bila kuthubutu kutaja mafuta. Saa moja hakuna mtu. Saa mbili hakuna mtu. Tuliwaona wakipita barabara ya chini na majembe begani, wote saba, wakielekea kwa yule wa zamu ya mbele. Hakuna aliyeangalia juu kwetu. Mama alisimama uani mpaka walipopotea, akarudi ndani akafunika sufuria.

Mchana akaosha mguu. Akafunga kidonda kwa kitambaa kipya, akavaa ndara, akachukua fimbo. Nilipomuuliza anakwenda wapi alisema wakitoka shambani watamkuta makwao, anakwenda kula.

Nilisimama mlangoni. Nililia, sioni aibu kusema hivyo. Nilimwambia, "Mama, watakukata mguu."

"Mguu ni wangu," alinijibu. "Wewe Jumapili unarudi Mlolongo. Mimi nikianguka hapa, ni nani ataniokota?"

Nilimpisha.

Nyumba saba. Nilimfuata nyuma kama mbwa aliyefukuzwa asiyejua pa kwenda. Kila mlango alibisha, akakaa, akasema amekuja na njaa. Kwa wa kwanza aliletewa isyo, mahindi na maharagwe, akala yote akapangusa sahani kwa kidole. Kwa wa pili chai na chapati. Kwa wa tatu uji wa sukari. Walimpa kwa shingo upande mwanzoni, kisha wakaongeza, maana nani anaweza kumwona mtu anakula hivyo asiongeze? Mimi sikukaribishwa kunawa. Kwa wa tano jasho lilikuwa linamtiririka na kitambaa cha mguuni kimelowa. Nilimsihi kwa macho. Aliomba maji ya kunywa akaendelea.

Wa saba alikuwa mwenyekiti. Jua lilikuwa linashuka. Alileta muthokoi, uleule, akaketi mbele ya mama, akachota kijiko na kukiinua mdomoni kwake mwenyewe.

"Usionje," mama alisema. "Lete tu."

Mwenyekiti alishusha kijiko. Alimpa sahani kwa mikono miwili, na mama akaimaliza, punje kwa punje, huku akipumua kwa nguvu. Wale wanawake wawili walikuwa wanalia bila sauti, nami nimesimama nje ya mlango nikihesabu vijiko.

Mguu ulikatwa kabla mwezi haujaisha, chini kidogo ya goti. Nilimuuliza daktari kama ni zile sahani saba au ni miezi iliyotangulia. Alisema mambo haya hayapimwi hivyo. Nilimchukia kwa jibu hilo, kwa sababu nilitaka mtu wa kulaumiwa, na aliyebaki nilikuwa mimi.

Siku ya tatu mama akiwa wodini nilirudi nyumbani kumletea nguo. Ilikuwa Jumanne. Mitaro yetu yote ilikuwa imechimbwa upya, udongo mwekundu umepandishwa juu vizuri, na wale saba walikuwa uani petu wanakula chakula walichobeba kutoka kwao. Hawakuniuliza mengi. Waliuliza kama analala, kama ameanza kula. Mwenyekiti aliniletea maji nikanawa, akanipakulia sahani, kisha akachota kidogo, akaonja huku akinitazama machoni, akanisukumia. Nilikula nikamaliza. Chakula kilikuwa kitamu.

Jioni nilikaa kando ya kitanda. Shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa. Nilimwambia mitaro imekwisha. Alifumba macho, akatabasamu kidogo, akauliza kama walinipa chakula. Nikasema walinipa. Akauliza kama nilimaliza. Nikasema nilimaliza.

"Alionja kwanza?"

Nilitaka kumdanganya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini alikuwa amefungua macho na ananisubiri, kwa hiyo nikasema ndiyo, alionja.

Aliupapasa mkono wangu juu ya blanketi akaushika.

"Basi bado," alisema. "Jumanne urudi ukale tena."