Kijiko cha Nyongeza

Sokoni tunamwita Mama Mafuta. Anauza mafuta ya kupikia ya kupima, kwenye meza inayopakana na yangu ya vitunguu. Mwenye hela ya kukaangia chakula cha jioni tu hanunui chupa nzima, na yeye aliling'amua hilo mapema kuliko wenzake. Alikuwa anapima kwa kijiko kikubwa, anatia kwenye kimfuko chembamba cha nailoni, anazungusha shingo ya kimfuko kidoleni, anapitisha mara mbili na kuvuta kwa meno. Fundo lake halikuvuja. Wenzake walijaribu kuliiga wakaishia kulowesha meza.

Biashara ni kumwondolea mteja usumbufu, na kimfuko kiliuondoa. Mteja anang'ata pembe, anamimina, anatupa uani. Kinakokwenda baada ya hapo, nani aulize?

Mbuzi wa wifi yake akavimba tumbo. Ndiye aliyewapa maziwa wajukuu wa wifi, mapacha. Tulikimbilia huko pamoja, tukamkuta mchinjaji keshamwahi kwa kisu asife kibudu. Alipopasua tumbo akatoa bonge la nailoni, limesokotana, linateleza.

"Huyu mbuzi au pipa la taka?" akasema.

Watu wakacheka. Mama Mafuta alikuwa anatazama mafundo. Vimfuko vilishatafunwa vikawa nyuzi, mafundo yalikuwa vilevile, mazima, kana kwamba aliyafunga asubuhi ile.

"Wifi, vipi wewe?" mwenye mbuzi akamwuliza.

"Kichwa kinaniuma. Lete hilo bonge nikalitupe mimi."

Wifi akalitia kwenye beseni, akamkabidhi.

Kesho yake mezani hapakuwa na kimfuko hata kimoja. "Leta chupa yako, nakuongezea kijiko cha bure," akawa anawaambia wateja.

"Nizunguke na chupa kama naenda kuchukua dawa? Kwaheri, shoga," mmoja akamjibu, akahamia meza ya mbali.

"Utafunga biashara," nikamwambia. "Na wifi yako umemweleza?"

Akafuta meza mahali palipokuwa safi. "Nitamweleza."

Hakumweleza. Alimpelekea mapacha maziwa ya pakiti, akangoja yamiminwe, akarudi na pakiti tupu mkobani. Akapeleka sukari. Akapeleka sabuni. Wifi alipokea kila kitu kwa ahsante, hakuuliza sababu, na kila ahsante ilimrudisha Mama Mafuta sokoni akiwa hawezi hata kubishana bei. Mtu aliyekuwa anabishana hadi na kivuli chake!

Halafu wifi akaja mezani na chupa, imeoshwa hadi inang'aa. Mama Mafuta akaijaza, akachota kijiko cha nyongeza. Hakukimimina.

"Wifi, yule mbuzi..."

"Lile bonge nililitia kwenye beseni kwa mikono yangu. Nani mwingine anafunga mafundo vile?"

"Kumbe ulijua! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikajifanya napanga vitunguu.

"Nisamehe, wifi. Nilishindwa pa kuanzia."

"Sukari ulijua pa kuanzia." Wifi akaweka hela mezani, akafunga kizibo. "Nimechukua nilicholipia. Hicho cha bure mpe mwingine."

Akaondoka na chupa yake. Mama Mafuta akabaki na kijiko kimejaa, kisha akakirudisha kwenye ndoo ya mafuta polepole, asimwage hata tone.