Wimbo wa Dirisha

Juzi nilikuwa soko la nguo la Shahe nikichagua magauni ya kupeleka Mombasa, spika ya duka la jirani ikaanza kuupiga ule wimbo. Safari hii ulikuwa umeongezewa midundo ya kompyuta na kuharakishwa, binti akiuimba kwa Kichina kama anayekimbizwa. Niliutambua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Mwenye duka akadhani nasita kwa sababu ya bei, akanipunguzia bila kuombwa.

Nimekulia humu humu Guangzhou. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Kangle, juu ya karakana ya kushona nguo, cherehani zikiunguruma chini ya vitanda vyetu mchana kutwa. Baba, ambaye zamani aliimba katika bendi ya hoteli Mombasa, alikuwa akiwakagulia wafanyabiashara wa Kenya mizigo yao. Jumapili mchana walikuja kwetu kula pilau ya Mama, na wakishiba walimtaka Baba aimbe. Alikuwa na wimbo mmoja wa kuringia, wa kijana anayemsihi mpenzi wake afungue dirisha. Kila mara alitanguliza maneno yaleyale: "Huu niliutunga mwenyewe, nikimtaka huyu." Mama aliinamia sufuria akijifanya hasikii, huku akiwapakulia ukoko watu waliokwisha shiba.

Nilipokuwa na miaka kumi nilimfuata Baba kwenye soko la vitambaa la Zhongda. Kule unaingia na sampuli, kipande cha kitambaa kinachotosha kiganjani, unazunguka duka kwa duka ukitafuta mfano wake, na wengi wanakujibu "mei you", hakuna, kabla hata hawajakitazama. Nilijua kutenganisha orijino na kopi kabla sijajua kugawanya. Baba alipopanda ghorofa ya juu aliniacha kwa mama mmoja muuza hariri, niliyemwita ayi, yaani shangazi. Ayi alikuwa na redio ya sidii, na ndani yake mtu akauimba wimbo wa Baba kwa Kikantoni, Kichina cha huku.

"Huo ni wa baba yangu," nikamwambia.

Ayi alicheka sana. Akanieleza kwamba huo ulirekodiwa Hong Kong enzi za ujana wa mama yake, na wa Hong Kong nao waliutoa kwa vijana weusi wa Marekani, waliokuwa wakiimba kwa sauti tupu, mmoja akiongoza na wenzake wakimwitikia "du-wa, du-wa". Hata huo alikuwa nao, kwenye diski ya nyimbo za zamani. Akaniazima. Niliificha kwenye mkoba wa shule, nikiwa na furaha ya mtu aliyekamata kopi sokoni.

Jumapili, Baba alipofika tu kwenye "Huu niliutunga", nikaicheza ile diski.

Ulikuwa ni huo huo, hata pale Baba alipozoea kufumba macho. Mgeni mmoja wa Nairobi akapiga meza. "Ai, mzee! Kumbe orijino iko huku, na wewe umekuwa ukituuzia kopi!" Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Baba naye alicheka. Mama akaanza kukusanya sahani, nyingine zikiwa bado na nyama. Mimi nilijiona shujaa, sitaficha.

Baba hakuimba tena. Wakimwomba, alisema koo linamkwaruza.

Nilipokua, nikawa mtafutaji wa matoleo ya wimbo ule. Liko la Kilingala lenye gitaa lisilotaka kwisha, liko la kwaya ambamo mpenzi amegeuzwa Mwokozi. Nayasikiliza bila uchungu mwingi. Nilichojua ni kwamba nilimwaibisha Baba mbele ya wageni wake, na nilipanga kumwomba radhi, nikachelewa.

Baada ya mazishi nilimwambia Mama. Alikuwa akikunja kanzu za marehemu.

"Babako alikusamehe siku ileile," akasema. "Na mimi n'lijua kitambo. Wimbo ule ulipigwa redioni sijamjua bado. Lakini wiki nzima, mwanangu, n'likuwa mpishi wa watu. Jumapili n'likuwa msichana anayeimbiwa."

Akachukua kanzu nyingine, akaikunja. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha wa marehemu, na niliyemdhulumu alikuwa hai mbele yangu. Miaka yote hiyo sikuwahi hata kumuuliza wimbo ule ulikuwa nini kwake.