Supu ya Meza ya Mlangoni

Fishel Rudner alikuwa mhudumu katika mgahawa wa Wayahudi pale mtaa wa Delancey, New York, na hakuna mteja aliyewahi kuona meno yake. Wenye midomo walisema alizaliwa amenuna. Uongo mtupu. Alinuna siku ya kwanza ya kazi, akaona inalipa, akaendelea. Watu walivuka mto kuja kula pastrami, nyama ya ng'ombe ya kukaushwa kwa moshi, ikiwa moto kwenye mkate mweusi na kusimangwa na Fishel. Ukimuuliza leo kuna nini kizuri, alikujibu, "Kuna mgahawa wa jirani." Ukichelewa kuchagua, alikuacha hapo na njaa yako. Mzee Kalman, mwenye mgahawa, hakumgusa. Alijua kwamba mhudumu akiwa mpole mno, mteja huanza kujiuliza nyama ni ya lini.

Saizi yake alikuwa mmoja tu, Bluma Zaslow, mjane aliyekuwa mshona kofia. Kila Alhamisi mchana alikaa meza ileile ya mlangoni, akaagiza supu ya kuku na madonge yake ya unga.

"Imepoa," alisema, kijiko kikiwa bado njiani.

"Supu ni ya moto. Mdomo wako ndio umepoa."

"Irudishe jikoni."

"Jikoni wameshaiaga."

Hata hivyo Fishel aliibeba, akasimama nyuma ya mlango wa jikoni akimtazama mpishi, kisha akairudisha vilevile. "Haya, imechemka. Ungua." Bluma akainywa yote huku akilaani. Na msidhani ulikuwa utani, walichukiana kwelikweli. Bluma alipofiwa na mume, Fishel hakwenda kumpa pole. Fishel alipofiwa na mke, siku aliyorudi kazini, neno la kwanza la Bluma lilikuwa kwamba supu imepoa.

Kisha Kalman akafa, mgahawa ukaangukia kwa mpwa wake Sheldon, kijana aliyesomea mambo ya hoteli na kujipaka manukato hata kwenye chumba cha nyama. Haikupita muda, bwana mmoja na mkewe kutoka nje ya mji wakamaliza pastrami yao, wakaomba kahawa yenye maziwa. Katika mgahawa wa Wayahudi, ambako kwa sheria ya dini nyama na maziwa havikai meza moja, maziwa!

"Maziwa?" Fishel akasema. "Ng'ombe mwenyewe umeshamla. Sasa nimkamue nani?"

Wakaenda kulalamika. Sheldon akamwita Fishel kando.

"Lalamiko moja tena, mzee, unavua aproni. Iwe la nani, liwe la nini, sitasikiliza maelezo."

Hakuwa akitania, na Fishel aliliona hilo. Nyumbani alikuwa na chumba kimoja na redio inayokoroma. Kila mtu aliyejua jina lake alikuwa ndani ya mgahawa ule. Usiku huo hakula.

Alhamisi Bluma akaingia, akitetemeka kwa baridi ya Januari. Fishel akamvutia kiti.

"Karibu sana, mama. Habari za leo?"

Bluma akabaki amesimama. "Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Nikuletee supu? Leo ni nzuri mno."

Ilipokuja aliionja, akamtazama kwa pembe ya jicho. "Imepoa."

"Samahani sana, mama. Nakuletea nyingine sasa hivi."

Na kweli akaleta nyingine, pamoja na kisahani cha matango ya achari ambayo hayakuagizwa. Damu ikampanda Bluma usoni. Watu waliowahi kumsemesha kwa sauti ile walikuwa wawili, daktari wa mumewe na wakili wa mwenye nyumba. Kumbe huyu mzee naye ameanza kumwona kikongwe wa kuhurumiwa? Akainuka hadi kwa Sheldon.

"Mhudumu wako kanidhalilisha."

"Kasema nini?"

"Kaniita mama. Kaniuliza habari zangu. Kaniomba radhi, mbele za watu. Tangu nianze kula hapa sijadharauliwa namna hii. Mkanye."

Sheldon hakusikia zaidi ya alichokuwa akikisubiri. "Fishel," akaita, "aproni."

Fishel akaifungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kaunta. Alikuwa na hasira kiasi kwamba alitafuta tusi, yeye Fishel, asipate hata moja.

"Nimesema umkanye," Bluma akasema. "Nani kasema umfukuze?"

"Tumemaliza, bibi. Chakula chema."

Bluma akarudi mezani. Fishel alipofika mlangoni na koti lake, akakuta mguu wa Bluma umesukuma kiti kumzibia njia.

"Kaa."

"Na wewe?"

"Unadhani napenda? Kaa, mzee mjinga wewe."

Akakaa. Miaka yote ile hakuwahi kukaa kwenye meza ile. Mhudumu mpya wa Sheldon akaja akichekacheka. "Karibuni wapendwa! Mnajisikiaje leo?"

"Wewe unaumwa?" Fishel akamuuliza. "Lete supu mbili, ufunge hayo meno."

Supu zikaja zikitoa mvuke. Mlango ukafunguliwa, wakaingia watu. Ukafungwa, ukafunguliwa tena. Upepo ukapita miguuni, ukapanda, ukafagia juu ya meza, na mvuke ukatoweka. Fishel akaonja. Akatazama mlango, akatazama jikoni kulivyo mbali, akaonja tena, kisha akaweka kijiko chini.

"Imepoa," akasema.

Bluma hakuinua macho kutoka kwenye bakuli lake.

"Supu ni ya moto," akamwambia. "Mdomo wako ndio umepoa."