Weupe Ndani ya Sikio la Baba

Mwaka wa tatu wa udaktari nilikuwa na kiburi, na kiburi chenyewe kilikaa kwenye simu. Chuo kilitupa programu ya kujifunzia kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba inayopokea sauti. Unaonyeshwa picha, unataja ugonjwa, simu inakupigia makofi. Mimi ilinipigia makofi mpaka nikaanza kuwacheka wenzangu.

Likizo nilirudi nyumbani, Mogogosiek. Baba alikuwa fundi wa mashine za kukata majani katika kiwanda cha chai. Kelele za mle ndani alizizuia kwa pamba iliyonyofolewa kwenye godoro kuukuu, ikasokotwa na kutiwa masikioni. Nilipokuwa mdogo, kuisokota ilikuwa kazi yangu kila asubuhi.

"Hii sikio ya kushoto imeziba," akaniambia. "Hebu angalia, daktari."

Nilichukua kurunzi yangu ya masikio, nikachungulia. Kulikuwa na weupe. Nikafungua simu, nikapata picha yenye weupe kama ule: kovu la zamani, halina neno. Nikamwonyesha. Akamwita mama aje aone jinsi mtoto wao anavyosoma masikio, na Jumapili akasimama kanisani kushukuru. Hospitali hakuna aliyeitaja tena.

Majuto ni mjukuu, na wangu hakukawia. Likizo iliyofuata nilikuta sikio la Baba linatoa usaha, mto wake wa kulalia unanuka. Tukaenda hospitalini. Daktari aliingiza koleo ndogo, akatoa kipande cha pamba kilichooza. Nyuma yake kiwambo kilikuwa kimetoboka, tundu kubwa. Katika picha zote za simu yangu hapakuwa na hata moja ya pamba. Waliozipiga hawakuwahi kufanya kazi kiwandani kwetu. Lakini mimi je? Mimi niliyeisokota kwa vidole hivi hivi? Nilijichukia, na siku nyingine bado najichukia.

Baba hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tulipofika nyumbani alivuta kiti karibu na dirisha, akanigeuzia sikio la kulia, ndilo pekee analosikia nalo sasa.

"Angalia na hii pia, mtoto yangu."

"Baba, hiyo tungoje daktari aangalie."

"Si daktari ni wewe?" akasema, akafumba macho, akangoja.