Kaseti ya Mama yake Masera

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakosa pa kuweka uso. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nikifua na kupika kwa masista hapa Bunia. Miongoni mwao alikuwamo Masera Lusia, maana huku sista tunamwita masera, mtu wa Brazili, mwembamba, mpole, anayetembea kama anaogopa kuamsha mtoto.

Masera alikuwa na kaseti moja aliyoipenda kuliko vitu vyake vyote. Ndani yake mama yake mzazi alisimulia habari za mto wao kwa lugha ya kabila lao, ambayo wasemaji wake walikuwa wamebaki wazee wa kuhesabu kwa vidole. Jumapili baada ya misa aliisikiliza, akinieleza. Aliniambia lugha ile haimruhusu mtu kusema tu, "Chui amekamata mbwa." Lazima mwisho wa neno la kitendo uonyeshe umejuaje: uliona kwa macho yako, ulisikia mbwa akilia, ulikuta damu na nyayo, au uliambiwa na mwingine. Kila njia ya kujua ina mwisho wake. Nikamwambia lugha kama hiyo hapa Bunia ingetunyima umbeya. Akacheka sana.

Basi rafiki yangu akawa anaolewa kule Bigo, nami nikataka kumpelekea nyimbo za redioni. Kaseti zangu zilikuwa zimejaa. Nikachukua ile. Usiniulize nilifikiri nini. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilijiambia ni maneno ya bibi mmoja tu, labda anazo nyingine. Nikanasa muziki pande zote mbili.

Jumapili iliyofuata Masera akabonyeza kitufe, likatoka gitaa. Akageuza upande, likatoka gitaa. Akaniita.

"Furaha, nani aligusa hii kaseti?"

"Masera, banasema redio njo iliiharibu."

"Banasema, ni nani? Weye uliona, ao ulisikia?"

Nikapiga magoti. "Ni miye, Masera. Nilitia nyimbo ya ndoa."

Nilingoja kufukuzwa. Yeye akakaa chini kwenye saruji, karibu yangu.

"Mama alishakufa," akasema. "Ile sauti njo ilibakia. Lakini haiko weye wa kwanza kuifuta. Wakati nilikuwa mutoto, ku masomo balikuwa bananichekelea juu ya ile luga. Mama ananiongelesha, miye namujibu na Kireno. Mupaka akachoka. Leo naweza kuisikia, kuisema siwezi. Weye uko na mama. Unamujibuka na luga gani?"

Mama yangu alikuwa Mnyali, akinisemesha Kinyali, nami nilikuwa namjibu kwa Kiswahili.

Ningekwambia nilibadilika, mwanangu, lakini ningekudanganya. Masera alirudi kwao, na baadaye tukaambiwa amefariki. Mama yangu naye akaenda. Vita vikaja, tukakimbia huku na huko, nikalea watoto kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotupitisha njiani bila maswali mengi. Shule ikawaongezea Kifaransa. Nikabaki na dada yangu aliyehamia Nia-Nia, tukiongea Kinyali kwa simu, mara nyingi tukigombana tu. Tumemzika juzi. Sasa nikiota kwa lugha ya mama, naamka sina wa kumsimulia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo nakuusia, wewe ambaye sikukuzaa lakini nakuita mwanangu. Kama bado una bibi, nenda ukakae naye jikoni leo. Muulize kila chombo kinaitwaje, kila jani, muulize nyimbo za kubembeleza watoto, na matusi pia, maana nayo yatapotea. Akikucheka unapokosea, acha acheke. Nasa sauti yake, andika, lakini kwanza umjibu kwa lugha yake, hata kwa neno moja bovu. Lugha huanza kufa siku mtoto anapoacha kujibu. Je, itaokoka? Sidhani, mwanangu. Nimeona mengi yakienda. Hata hivyo, mjibu.

Mungu akupe majuto yako mapema, ungali na nguvu za kuyatumia, si uzeeni kama mimi. Na siku utakapozeeka, akuachie mtu mmoja, hata mmoja tu, wa kukuamkia kwa lugha ya mama yako.