Fundi Anayegeuka Dirishani

Fundi wa kompyuta aliye juu ya duka la mbegu mjini Nyeri hupangusa vidole kwa kitambaa kabla ya kugusa laptopu ya mtu, na sauti yake haipandi hata mashine ikimsumbua. Mwalimu Murugi alimpelekea yake kwa kuwa ilikuwa nzito kufungua programu. Fundi aliwasha programu ya kusafisha, nayo ikagoma kwa sababu brauza, ile programu ya kusomea mtandao, ilikuwa bado wazi. "Funga mwenyewe, mwalimu," alisema, akageuza kiti na kutazama dirishani, kama anavyomfanyia kila mteja. Murugi akazifunga kurasa moja moja, zote kuhusu uvimbe kwenye titi kama ule aliougundua kwake, jambo ambalo hata mumewe Moffat hakuwa amelijua.

Alipomaliza, fundi akageuka. "Sasa programu itabana zile faili brauza inawekea kumbukumbu ya kurasa umesoma. Inatoa nafasi tupu tu, haifuti kitu."

"Kwa hivyo yale nilikuwa nasoma bado iko?"

"Iko. Ukitaka itoke, weka alama hapa." Akamsogezea mausi, akageukia tena dirisha, kidole gumba kikisugua kitambaa taratibu.

Murugi aliishika mausi. Moffat huitumia laptopu hiyo kila jioni kusoma habari, na Murugi alikuwa amechoka kumficha jambo hilo. "Wacha ikae," alisema mwishowe. "Leo nitamwonyesha mzee wangu."

Fundi hakuuliza atamwonyesha nini. Alibonyeza kitufe, kisha akamvutia kiti karibu na chake, ili asingoje akiwa amesimama.